Manung'uniko Hayajazi Sufuria



Anayetaka kujua hali ya maisha katika jiji la Dar es Salaam na apite Mnazi Mmoja saa kumi na mbili asubuhi, avuke Barabara ya Lumumba na kuingia Kariakoo. Atawakuta wachuuzi wanatandika bidhaa chini, mama ntilie wanapuliza moto, na wabeba mizigo wamekaa juu ya mikokoteni yao wakisubiri malori ya mikoani. Wengi wa watu hao wameondoka Mbagala, Gongo la Mboto au Manzese bila kujua watoto watakula nini jioni. Si wavivu, wala si kwamba hawajui kupanga. Ndivyo maisha yao yalivyo: kipatikanacho leo ndicho kiliwacho leo.

Waulize habari za biashara, utapata majibu ya namna mbili. Mmoja atakwambia, "Tunamshukuru Mungu, tunasogeza siku." Jirani yake, mwenye bidhaa zile zile na wateja wale wale, atasema, "Hakuna kitu bwana, kila siku afadhali ya jana." Wote wawili wamebanwa na ukata. Wote wawili wana kodi ya chumba na ada za watoto. Tofauti yao haimo mfukoni.

Mazungumzo ya wiki hii yanahusu majibu hayo mawili. Nataka tutazame maana ya kumtegemea Mungu kwa riziki ya kila siku, na kwa nini manung'uniko hayajazi sufuria. Lakini niseme jambo moja tangu mwanzo, ili asitokee mtu mwenye shibe akayatumia maneno haya kumfumba mdomo mwenye njaa. Manung'uniko ni kitu kimoja, na kudai haki ni kitu kingine kabisa. Tutafika huko.

Tuanze na neno lenyewe. Riziki ni neno lililotufikia kutoka Kiarabu, likazoea Kiswahili hata likawa la watu wote, Waislamu na Wakristo. Mtu anapotoka nyumbani alfajiri hasemi kwamba anakwenda kutafuta utajiri. Husema anakwenda kutafuta riziki. Katika kauli hiyo fupi mna mambo mawili: kuna kutafuta, na kuna kupewa. Mwenye kutafuta ni mja, mwenye kutoa ni Mola. Ukiondoa kutafuta, unabaki na uvivu uliovikwa kanzu ya dini. Ukiondoa kupewa, unabaki na kiburi siku za neema na kukata tamaa siku za dhiki.

Habari ya mana inalieleza jambo hili vizuri. Imo katika kitabu cha Kutoka, sura ya 16, na Qurani nayo inataja mana na salwa walizoteremshiwa Wana wa Israeli. Watu walikuwa jangwani, chakula kimekwisha, wakaanza kumnung'unikia Musa na kuzikumbuka sufuria za nyama walizoziacha Misri, kana kwamba wamesahau utumwa. Mungu akawapa mana. Tazameni utaratibu wake. Ilipatikana asubuhi, na jua lilipokuwa kali iliyeyuka. Kwa hiyo aliyelala mpaka saa nne hakuikuta. Kila mmoja alipimiwa pishi moja kwa siku, kipimo ambacho wazee wetu wa pwani wanakijua kwa vibaba vinne. Na waliojaribu kuilaza hadi kesho yake walikuta imeota mabuu na kunuka. Siku moja tu waliruhusiwa kukusanya maradufu: siku ya sita, kwa ajili ya Sabato.

Hapo tunapata mafunzo matatu. La kwanza, riziki ilitoka kwa Mungu, lakini hakuna aliyeletewa kitandani. La pili, kuweka akiba kwa ajili ya siku inayojulikana hakukukatazwa, maana Mungu mwenyewe ndiye aliyeamuru mafungu mawili ya siku ya sita. La tatu, kilichooza ni kile kilichofichwa kwa hofu. Kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayeweka akiba na mtu anayeficha, nasi tutaiona hivi punde hapa hapa kwetu.

Waislamu nao wana mafundisho ya Mtume kuhusu ndege, kwamba huondoka asubuhi na njaa na kurudi jioni wameshiba. Masheikh wamelieleza jambo hilo mara nyingi: ndege yule anamtegemea Mungu, lakini ameruka, hakubaki kiotani akifumbua mdomo. Kadhalika yupo yule bwana aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu. Mtume akamwambia amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Mungu. Kwa lugha ya Kariakoo tungesema: funga duka lako kwa kufuli, kisha ukalale.

Sasa tutoke jangwani turudi Dar es Salaam. Wenye umri wa kutosha wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya themanini. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 viliigharimu nchi fedha nyingi. Mwaka 1979 bei ya mafuta ilipanda duniani, na fedha za kigeni zikawa hazitoshi. Sabuni, sukari, unga, mafuta ya kula na hata dawa ya meno vikaadimika. Watu waliamka usiku kwenda kupanga foleni. Unga wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo ukapewa jina la unga wa yanga, kwa sababu ya rangi ya jezi ya timu hiyo ya hapa Kariakoo. Mswahili hakosi utani hata akiwa na njaa.

Ilipofika Machi 1983, Serikali ilianza operesheni ya kuwasaka wahujumu uchumi na walanguzi. Bidhaa zilizofichwa zikaanza kuonekana, na kuna waliotupa mali usiku kwa kuogopa kukutwa nazo. Sisemi kwamba uhaba ule uliletwa na walanguzi peke yao. Sababu zake nimekwisha kuzitaja, na sera za uchumi za wakati huo zilikuwa na sehemu yake. Lakini mali iliyotupwa mtaroni wakati majirani hawana hata kipande cha sabuni, hiyo ndiyo mana iliyooza. Iliwekwa kwa hofu na tamaa, ikamfaa nani?

Tusidhani ni mambo ya kale. Mwanzoni mwa mwaka 2024, mvua nyingi za El Nino zilivuruga uvunaji wa miwa na uzalishaji viwandani, na sukari ikaadimika na kupanda bei nchini. Katika wakati kama huo hofu hufanya kazi yake kwa mwendo unaojulikana. Mtu aliyezoea kununua kilo moja anasikia kwamba sukari itakwisha, ananunua kilo tano. Mwenye duka anaona inauzika haraka, anarudisha magunia stoo akingoja bei ipande zaidi. Mama anayenunua robo kilo kwa chai ya watoto anafika saa tano, anaambiwa hakuna. Ukiwauliza wote watatu, kila mmoja atalaumu wengine na kusema maisha yamekuwa magumu. Ni kweli yamekuwa magumu, lakini sehemu ya ugumu huo tumeitengeneza wenyewe kwa kumwogopa kesho. Anayeamini kwamba Mungu aliyempa leo hajafa, hana haja ya kumnyang'anya jirani yake robo kilo.

Je, ile miaka ya themanini watu waliishije? Manung'uniko yalikuwapo, tena mengi, kwenye foleni na ndani ya mabasi. Lakini foleni ya manung'uniko haikuleta unga. Mishahara ilipoacha kutosha, kina mama wengi walianza kukaanga maandazi na vitumbua, wengine wakauza barafu. Watumishi wa Serikali wakafuga kuku na ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba. Mwaka 1984 Serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa kutoka nje, na chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeingia madarakani mwaka 1985, biashara zilifunguliwa hata akaitwa Mzee Ruksa. Aliyekuwa amekwisha kujifunza kuuza maandazi ndiye aliyekuwa tayari mlango ulipofunguliwa. Huko ndiko kutafuta ninakokusema. Mungu hamtupi mja wake, lakini mara nyingi anamkuta mja huyo ameshika karai.

Yupo atakayesema kwamba maneno haya ni rahisi kwa mtu ambaye hajapoteza kila kitu. Ni hoja ya haki, na Kariakoo inaijua. Usiku wa Jumamosi, tarehe 10 Julai 2021, moto uliliunguza jengo la Soko Kuu la Kariakoo, lile lililofunguliwa mwaka 1975 na ambalo ramani yake ilichorwa na Mtanzania mwenzetu, Beda Amuli. Mtu aliyefunga biashara yake Jumamosi jioni akiwa na mtaji, aliamka Jumapili hana. Ungemwambia nini mtu kama huyo? Usingemwambia asilie. Kulia si kunung'unika. Ayubu alilia, na nabii Yakubu alilia kwa ajili ya Yusufu mpaka macho yake yakapofuka, kama inavyosimuliwa katika Qurani, wala hakuna aliyewahesabu kuwa watu wasio na imani. Anayemlilia Mungu bado anazungumza naye. Mnung'unikaji amekwisha kumpa mgongo, anazungumza na kila mtu isipokuwa Yeye anayeweza kumsaidia.

Lakini Kariakoo ina kitu kingine ambacho moto hauwezi kukiunguza, nacho ni ule utaratibu unaoitwa mali kauli. Kwa wasioujua, nieleze. Mchuuzi asiye na fedha taslimu anakwenda kwa mwenye duka la jumla, anapewa bidhaa kwa neno lake tu. Anakwenda kuuza, jioni au mwisho wa wiki anarudisha bei ya mwenye mali na kubaki na faida yake. Hakuna hati wala dhamana ya nyumba. Kinachomdhamini ni jina lake: kwamba jana alirudi, na juzi alirudi. Mtu wa namna hiyo mtaji wake ukiungua, hajawa mikono mitupu. Yupo anayeweza kumwita na kumwambia, chukua dazeni hizi, tutaonana Jumamosi. Mungu anaporudisha riziki ya mtu, mara nyingi hupitia kwenye mlango wa uaminifu ambao mtu huyo aliujenga siku za neema.

Sasa nirudi kwenye ahadi yangu kuhusu manung'uniko na haki. Katika kitabu cha Hesabu kuna visa viwili ambavyo yafaa kuvisoma pamoja. Katika sura ya 11 watu walilia wakitaka nyama, wakitamani samaki, matango na vitunguu vya Misri, ilhali mana ipo. Jambo hilo liliwaletea hasira ya Mungu. Lakini katika sura ya 27 wamesimama binti watano wa Selofehadi mbele ya Musa na mkutano wote. Baba yao amekufa bila mtoto wa kiume, nao wanauliza kwa nini jina lake lifutwe na wao wanyimwe urithi. Musa alilipeleka shauri lao kwa Mungu, na jibu likaja kwamba binti hao wamesema haki, wapewe. Waislamu nao wanamjua Khaula binti Thaalaba, mwanamke aliyekwenda kumweleza Mtume jinsi mumewe alivyomdhulumu. Mungu akayasikia maneno yake, na sura ya 58 ya Qurani inaanza na shauri hilo.

Kwa nini binti za Selofehadi na Khaula walisikilizwa, na wale wa nyama wakakemewa? Nionavyo mimi, tofauti ni hii. Mwenye kudai haki analijua jambo lake, anakwenda kwa mwenye uwezo wa kulitatua, analisema waziwazi na anangoja jibu. Mnung'unikaji hana anwani. Analalamika kwenye daladala, kwenye kijiwe cha kahawa, kitandani na mezani, kwa watu wasioweza kumpa chochote, na akijibiwa anatafuta jambo jingine.

Mfano tunao. Mei 15, 2023, wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakipinga utaratibu wa kodi na kazi ya kikosi cha Mamlaka ya Mapato. Tarehe 17 Mei Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikutana nao hapo hapo katika viwanja vya Mnazi Mmoja, uwanja ule ulioachwa wazi na wakoloni ili kutenga makazi ya Waafrika na sehemu nyingine za mji. Watu walisimama, wakaeleza kero zao hadharani, kiongozi akiwasikiliza. Mtu anaweza kukubaliana na hoja zao au asikubaliane nazo; na mwaka 2024, mwezi Juni, maduka yalifungwa tena. Lakini kusimama na kusema jambo lako mbele ya anayehusika si ukosefu wa imani. Kiongozi wa dini au wa siasa anayewaambia watu wamwachie Mungu kila kitu, huku yeye mwenyewe ndiye mwenye ufunguo, anamsingizia Mungu.

Hata hivyo kuna jambo tusilisahau. Siku zile maduka yalipofungwa, mwenye duka alikuwa na akiba ya kumvusha. Mbeba mizigo je? Duka likifungwa hakuna mzigo, na mzigo usipokuwapo hakuna ugali. Hapo ndipo ninapofika kwenye kiini cha mazungumzo haya.

Tunasema riziki hutoka kwa Mungu, na ni kweli. Lakini hupitia mikono ya watu. Riziki ya mbeba mizigo imo mkononi mwa mwenye gunia. Riziki ya mama ntilie imo mfukoni mwa vijana wanaokula kwa mkopo na kumkwepa Ijumaa. Riziki ya msaidizi wa nyumbani imo katika mkoba wa mama mwenye nyumba ambaye mwezi wa pili huu anasema, subiri kidogo. Torati inaagiza kibarua maskini alipwe siku ile ile kabla jua halijatua, kwa kuwa moyo wake unautazamia ujira huo. Mtume naye alifundisha kwamba alipwe kabla jasho lake halijakauka. Hakuna dini kati ya hizo iliyomwambia kibarua awe na subira wakati tajiri yake anahesabu faida.

Jina la Kariakoo lenyewe lina kumbukumbu ya jambo hilo. Waingereza walipouteka mji huu mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, waliweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na wenyeji wakaliita eneo hilo Kariakoo. Katika vita ile Afrika Mashariki ilitoa wapagazi wengi mno kubeba unga na risasi za askari. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Na wengi wa waliokufa, ujira wao haukuwafikia jamaa zao. Bila shaka wazazi na wajane wao walimwomba Mungu riziki. Kilichowafanya wasiipate si uchache wa imani yao, bali ni mkono uliozuia.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tufanye nini katika siku hizi za vyuma kukaza? Nina mambo manne ya kupendekeza.

Kwanza, tuiombe riziki ya leo, na tuamke kuitafuta leo. Ada ya Januari iwekewe kidogo kidogo kwenye kibubu au upatu, kama mafungu ya siku ya sita. Lakini hofu ya Januari isimnyime mtoto uji wa leo.

Pili, tuhesabu. Mchuuzi na awe na daftari, hata la kurasa chache, aandike kilichoingia na kilichotoka. Wengi wanaosema hawapati kitu hawajui walichokipata. Kumshukuru Mungu kwa kitu usichokihesabu ni vigumu.

Tatu, tukiwa na dai tulipeleke panapohusika, kwa balozi, kwa mwenyekiti wa soko, kwa diwani, kwa mahakama, tena kwa jina na hoja. Tusiwageuze watoto wetu kuwa baraza la kusikiliza malalamiko. Mtoto anayesikia kila usiku kwamba maisha hayana maana hukua akiamini hivyo, na hatuna cha kumlipa kwa hasara hiyo.

Nne, na hili ni kubwa kuliko yote, tusiizuie riziki ya mwenzetu iliyo mikononi mwetu. Kabla hujamwambia mtu kwamba Mungu atajalia, jipapase mfukoni uone kama alichojaliwa hakimo humo.

Leo jioni, soko litakapofungwa na mikokoteni kurudi tupu, kutakuwa na mtu anayekudai ujira wake. Mlipe kabla hajauliza. Akifika nyumbani atamshukuru Mungu, naye atakuwa amesema kweli.

Hadi wiki ijayo, nawatakia riziki njema.